Mchoro wa Mtoto Si Kipimo cha Malaria

Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Karen Machover, alichapisha kitabu kilichodai kuwa mtu akichora mtu mwenzake, hujichora yeye mwenyewe na yanayomsumbua. Macho makubwa, kwa mfano, yalihesabiwa kuwa dalili ya kushuku watu. Wakati huohuo Max Lüscher wa Uswisi alikuwa na kadi za rangi nane: unazipanga kuanzia uipendayo zaidi, naye anakusoma nafsi.

Inavutia, lakini mwaka 1967 wanasaikolojia Loren na Jean Chapman waliitia doa imani ya kusoma michoro. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu michoro iliyoambatanishwa kiholela na matatizo ya kubuni, bila uhusiano wowote kati ya picha na tatizo. Bado wanafunzi wale waliona kuwa wenye kushuku ndio waliochora macho makubwa. Waliona yaleyale ambayo wataalamu walidai kuyaona kwa wagonjwa wao miaka yote!

Rangi nyeusi nayo inasingiziwa sana. Mtoto aliyeujaza ukurasa weusi huenda ana majonzi. Huenda pia krayoni nyingine zimekatika, au jirani yake wa dawati ameing'ang'ania nyekundu. Mbona mwanamke wa pwani akienda harusini na buibui jeusi hatumpi pole?

Hata hivyo, tusizitupe krayoni. Mwaka 2005 watafiti wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch waliwatembelea wakimbizi wa vita vya Darfur, Sudan, mpakani mwa Chad. Watoto walipewa karatasi na krayoni ili watulie wazazi wao wakihojiwa. Bila kuagizwa na mtu, walichora wapanda farasi wenye bunduki, ndege zikidondosha mabomu, nyumba zikiwaka moto. Kisha wakaeleza: huyu nani, hapa wapi, nini kilitokea. Hapo ndipo ilipo thamani ya mchoro, kwa maoni yangu. Unamfungulia mtoto mdomo; ugonjwa wenyewe hausomwi kwenye rangi kama unavyosomwa kwenye kipimo cha malaria.

Basi mwalimu, ukikuta daftari lenye picha ya kutisha, usimwite mama yake kumwambia mwanawe ana sonona. Kaa na mtoto faraghani, mwombe akusimulie alichochora, msikilize bila kumkatiza. Ukisikia kuwa halali usiku, ameanza kukojoa kitandani au hataki tena kucheza na wenzake, zungumza na mzazi ili ampeleke hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili.