Mechi Kubwa za Nyumbani Kuhamishiwa Mikoani: Nani Hunufaika, Nani Hupoteza

Kwa mkazi wa kata ya Zagayu, wilayani Itilima mkoani Simiyu, Ligi Kuu ya Tanzania Bara ni jambo la kusikilizwa redioni au kutazamwa kwenye runinga. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, haujawa na klabu katika ligi hiyo kwa misimu ya hivi karibuni. Anayetaka kuwaona Simba au Yanga kwa macho yake hulazimika kufika Bariadi, kufuata barabara ya lami hadi Lamadi, kisha kuendelea na safari hadi Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza. Ndiyo maana tangazo kwamba klabu ya Dar es Salaam imepeleka mchezo wake mkubwa wa nyumbani mkoa mwingine huzua hisia mbili kwa pamoja: furaha kwa wanaofikiwa, na manung'uniko kwa wanaoachwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa KMC, klabu ya Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Oktoba 25, 2020 klabu hiyo iliikaribisha Yanga katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, na kufungwa mabao 2-1. Oktoba 19, 2021 iliikaribisha tena Yanga, safari hii katika Uwanja wa Majimaji, Songea, ikapoteza kwa mabao 2-0. Desemba 24 mwaka huohuo ilicheza na Simba katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, na kufungwa 4-1. Februari 17, 2024 ikaipeleka mechi yake na Yanga katika Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, na kupoteza kwa mabao 3-0. KMC haikuwa peke yake. Ruvu Shooting ya mkoani Pwani iliikaribisha Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Mei 2022, na timu hizo zikatoka suluhu.

Ili kuelewa uamuzi wa namna hiyo, ni muhimu kufahamu namna mapato ya viingilio yanavyogawanywa. Katika Ligi Kuu, klabu mwenyeji ndiyo inayonufaika na mapato ya mlangoni baada ya kutolewa kodi, gharama za uwanja na mgawo wa taasisi zinazosimamia mchezo. Klabu ngeni haina fungu katika mapato hayo. Kwa klabu isiyo na mashabiki wengi, michezo miwili ya nyumbani dhidi ya Simba na Yanga, kati ya michezo 15 ya nyumbani katika ligi ya timu 16, ndiyo nafasi kubwa ya kukusanya fedha za viingilio kwa msimu mzima.

Jijini Dar es Salaam fedha hizo si rahisi kupatikana kama inavyodhaniwa. Mashabiki wa Simba na Yanga waishio huko huziona timu zao mara kwa mara, hivyo mchezo dhidi ya KMC si tukio la kumtoa kila mtu nyumbani. Hali ni tofauti mikoani. Songea haikuwa na timu ya Ligi Kuu tangu Majimaji iliposhuka daraja mwaka 2018. Tabora na Kigoma nazo hazikuwa na klabu katika ligi hiyo wakati zilipopokea michezo iliyotajwa. Mahali ambapo mchezo wa aina hiyo huja kwa nadra, uwanja hujaa, na mzunguko wa fedha huwafikia wenye nyumba za kulala wageni, mama lishe, madereva wa bodaboda na wauzaji wa jezi.

Hata hivyo, uhamisho una gharama zake. Kwanza, timu mwenyeji hugeuka mgeni katika uwanja wake wa nyumbani. Mashabiki wanaojaza jukwaa huko mikoani wengi wao wameifuata Simba au Yanga, si KMC. Pili, timu iliyopaswa kucheza bila kuondoka mjini hulazimika kusafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na gharama za usafiri na malazi hupunguza faida iliyotarajiwa. Tatu, wakazi wa Kinondoni, ambao halmashauri yao ndiyo mmiliki wa klabu, hukosa mchezo mkubwa waliostahili kuuona jirani na nyumbani.

Ipo pia hoja ya usawa wa ushindani. Klabu nyingine huwakabili vigogo katika viwanja vyao vya kawaida, mbele ya watu wao. Iwapo baadhi ya timu zitawapa vigogo hao uwanja uliojaa mashabiki wao, zinazowania ubingwa au kujinusuru kushuka daraja zinaweza kuona kwamba mizani haiko sawa. Kwa sababu hiyo, suala la uwanja haliachwi mikononi mwa klabu pekee. Matumizi ya uwanja mwingine huhitaji ridhaa ya Bodi ya Ligi Kuu Tanzania (TPLB), chombo kinachoendesha ligi chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF).

Pamoja na hayo, haitakuwa sahihi kudai kwamba kubaki nyumbani ni dawa ya ushindi. Februari 14, 2025 KMC iliikaribisha Yanga katika Uwanja wa KMC Complex, ulioko Mwenge ndani ya manispaa yake, na kufungwa mabao 6-1. Hivyo, anayepinga uhamisho kwa sababu ya matokeo pekee ana hoja dhaifu; hoja yenye uzito zaidi ni ya haki ya mashabiki na usawa wa ligi.

Ni vyema pia kutofautisha uhamisho wa hiari na ule wa kulazimishwa. Mei 25, 2025 Simba ilicheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco katika Uwanja wa New Amaan Complex, Zanzibar, badala ya Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000. Sababu haikuwa mapato, bali hali ya eneo la kuchezea ambayo Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) halikuridhika nayo. Mchezo huo uliisha kwa sare ya 1-1, na Simba, iliyokuwa imefungwa 2-0 ugenini, ikakosa kombe. Funzo lake ni kwamba ubora wa uwanja unaweza kuamua mahali pa mchezo hata kwa klabu kubwa kuliko zote nchini.

Funzo hilo ndilo linaloigusa Simiyu moja kwa moja. Klabu inapotafuta mahali pa kupeleka mchezo wake, haiangalii wingi wa mashabiki pekee. Huangalia eneo la kuchezea, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio, njia salama za kuingilia na kutokea, nafasi ya gari la wagonjwa, na mazingira ya kurushia matangazo ya runinga. Mwanza, Songea, Tabora, Kigoma na Morogoro zilipata michezo hiyo kwa sababu zilikuwa na viwanja vilivyokubalika.

Faida ya viwanja hivyo haikuishia kwenye mchezo mmoja. Mwaka 2023, Tabora United na Mashujaa ya Kigoma zilipanda Ligi Kuu, zikatumia viwanja vya Ali Hassan Mwinyi na Lake Tanganyika, vilevile vilivyokuwa vimepokea mechi za wageni. Michezo iliyohamishwa haikuzipandisha timu hizo. Kilichozisaidia ni kwamba zilipopanda zilikuta uwanja upo. Kwa mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba na wenye vijana wengi wapenda soka, mchezo mmoja wa kukaribishwa utakuwa furaha ya siku moja. Uwanja wenye viwango utabaki ukitumiwa na shule, mashindano ya wilaya na, siku itakapofika, klabu ya Simiyu yenyewe.

Kwa klabu zinazofikiria kuhamisha mechi, uamuzi unaotangazwa mapema, wenye sababu zinazoeleweka na unaotoa taarifa ya mapato baada ya mchezo, ndio unaoweza kukubalika kwa pande zote. Wananchi nao wanashauriwa kusubiri uthibitisho wa Bodi ya Ligi na klabu mwenyeji kabla ya kulipa nauli au kununua tiketi, kwa kuwa ratiba na viwanja vinaweza kubadilika.