Mtoto na kondo la nyuma: ndugu wa yai moja

Mama anapojifungua, macho ya watu wote humwelekea mtoto. Mkunga humpokea, bibi huuliza kama ni wa kike au wa kiume, na baba aliyekesha barazani hutafuta njia ya kuwapasha habari wenzake kazini. Kondo la nyuma, ambalo hutoka baadaye kidogo, halishangiliwi na mtu. Kwa desturi za wengi wetu huzikwa kimya kimya, na habari zake zikaishia hapo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mtoto na kondo wametokana na yai moja. Ilikuwaje basi seli za asili moja zikaachana njia, hizi zikawa mtoto, na zile zikawa kondo la kumtumikia kwa miezi tisa na kisha kuzikwa? Swali hilo limewashughulisha mabingwa wa elimu ya viumbe kwa zaidi ya nusu karne.

Yai la mwanadamu lililokwisha kurutubishwa lina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Likiwa lingali katika mrija, njiani kuelekea mji wa mimba, hugawanyika kuwa seli 2, kisha 4, na kufikia siku ya tatu huwa karibu 8. Siku ya tano kiinitete hufanana na kibofu kidogo: nje kuna ukuta wa seli, ndani kuna maji, na upande mmoja wa ukuta limeshikamana fundo la seli chache. Ukuta ndio utakaojipandikiza katika mji wa mimba na kufanya sehemu kubwa ya kondo. Mtoto atatoka katika lile fundo.

Je, kila seli huzaliwa na kazi yake? Mwaka 1959 bingwa wa Poland, Andrzej Tarkowski, alichukua viinitete vya panya vyenye seli 2, akaiua moja kwa sindano, kisha akavipandikiza katika panya majike. Baadhi ya seli zilizosalia peke yake zilikua, wakazaliwa panya wazima wasiopungukiwa na kiungo. Mwaka 1961 alifanya kinyume chake: aliunganisha viinitete viwili, navyo vikakua kama kimoja.

Mwaka 1967, Tarkowski pamoja na Joanna Wróblewska walitoa rai kwamba kinachoamua ni mahali seli ilipo. Iliyoko nje huingia katika ukuta. Iliyozungukwa na wenzake pande zote huingia katika fundo. Utafiti wa baadaye umeonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Seli ya nje ina upande mmoja usiogusana na seli nyingine, na hali hiyo huiamsha geni iitwayo Cdx2, inayoiongoza kwenye kazi ya kondo. Katika seli ya ndani geni hiyo huzimwa. Viinitete vya panya vilivyokosa geni hiyo kabisa hushindwa kujipandikiza.

Ni mfano wa vibarua waliofika kiwandani asubuhi moja, wote wenye ujuzi sawa. Aliyesimama langoni alikabidhiwa ulinzi, na aliyekuwa ndani alikabidhiwa mashine. Siku za kwanza waweza kuwabadilisha. Baadaye kila mmoja amekwisha kuzama katika kazi yake.

Elimu hii si ya maabara tu. Magdalena Zernicka-Goetz, mwanafunzi wa zamani wa Tarkowski aliyekuwa akifanya utafiti Cambridge, Uingereza, alipata mimba akiwa na umri wa miaka 44. Kipimo cha kondo kilionyesha kwamba karibu robo ya seli zilizochunguzwa zilikuwa na kasoro za kromosomu. Je, mtoto naye alikuwa hivyo? Mama huyo aliendelea kuilea mimba yake, akajifungua mtoto mwenye afya. Kisha yeye na wenzake walitengeneza viinitete vya panya vyenye mchanganyiko wa seli nzima na seli zenye kasoro, nusu kwa nusu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: katika fundo la ndani, seli zenye kasoro zilikufa na nafasi yake ikachukuliwa na seli nzima; katika sehemu ya kondo ziliendelea kuwapo, ingawa zilizaana kwa shida.

Maana yake si kwamba vipimo vya hospitali vipuuzwe. Maana yake ni kwamba kondo, ijapokuwa ni ndugu wa mtoto, si kioo chake kamili. Mzazi aliyepewa majibu ya kutisha anayo haki ya kumwuliza daktari: seli hizi zimetoka wapi, na je, kuna kipimo kingine cha kuthibitisha?

Liko na funzo la pili, nalo linazihusu nyumba nyingi. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza huwa na kasoro za kromosomu, ambazo mara nyingi zilikuwamo tangu yai au mgawanyiko wa siku za mwanzo. Wakati huo mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Lakini mimba ikitoka, lawama humwangukia yeye: alibeba ndoo nzito, alitembea usiku, au jirani alimwonea kijicho. Mume anayenyamaza wakati mkewe akisemwa hivyo hamtendei haki. Ampeleke kliniki, amsaidie kazi za nyumbani, na awaeleze jamaa zake ukweli.

Na wazee wetu waliolizika kondo kwa heshima hawakukosea. Lilikuwa ndugu wa mtoto, lililosimama mlangoni ili mwenziwe apate kukua ndani.