Ukuta Hautalinda Uwanja Wenu

Swali limekuja tena. Safari hii limetoka kwa chama cha wakazi wa mtaa mmoja wa Eastlands, hapa Nairobi. Wana uwanja wa wazi katikati ya nyumba zao, wamesikia tetesi kwamba kuna bwana mmoja anauzungukia na wapimaji, wamechangishana, na sasa wanataka niwaambie ukuta wa mawe uwe na urefu wa futi ngapi. Waliotangulia waliuliza kama seng'enge inashinda mabati. Najibu hapa gazetini mara moja, ili nisiendelee kuandika barua ileile: futi sifuri.

Sina ugomvi na mafundi wa mawe. Lakini katika kazi hii ya mipango miji sijaona bado uwanja wa umma uliookolewa na ukuta peke yake, na nimeona viwanja vilivyopotelea nyuma ya ukuta.

Tazameni kuta ambazo Wakenya wanazikumbuka. Mwaka 1989 Kenya Times Media Trust, kampuni iliyokuwa na mkono wa chama tawala cha KANU, ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Kabla ya jumba kuonekana, uliwekwa uzio. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili wa nje, akatukanwa Bungeni, akaenda mahakamani, na mahakama ikatupa kesi yake kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kushtaki. Pesa za kigeni zilipokosekana mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa.

Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta ukuta umekata uwanja wao wa kuchezea. Ulikuwa umejengwa wakati watoto hawapo. Waliusukuma pamoja na wanaharakati hadi ukaanguka, na polisi wakawarushia vitoa machozi.

Nendeni na Mombasa. Pale Nyali kulikuwa na kipande cha ardhi ya wazi karibu na ufuo, kilichogawiwa mwaka 1989 kwa mtu aliyekuwa Rais wa nchi wakati huo, kikauzwa, kikauzwa tena, na mwishowe kikawa na ukuta uliozuia watu kufika baharini. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaubomoa. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na nitairudia baadaye kwa sababu ina uzito kuliko mawe yote ambayo mngeweza kununua.

Kuta zote hizo ni za upande wa pili. Mnyakuzi huanza na ukuta kwa sababu anajua unavyofanya kazi, na nashangaa kwamba sisi tunaoibiwa bado hatujajua. Ukuta kwanza huficha. Mkishauziba uwanja, mama anayeanika nguo kwenye ghorofa ya kwanza haoni tena lori la kokoto likiingia saa nane usiku. Vigingi vya mpaka vikihamishwa, hakuna anayejua. Pili, ukuta huondoa watu, na watu ndio mashahidi. Uwanja unaokatizwa kila asubuhi na wanaokwenda stejini, unaochezewa mpira jioni na kuhubiriwa Jumapili, una mamia ya watu watakaopiga kelele siku njia ikifungwa. Wekeni geti, na katika mwaka mmoja njia zile zitaota nyasi. Atakapokuja mtu na karatasi kudai kwamba eneo lilikuwa halitumiki, atakuwa anasema kweli, na ninyi ndio mtakuwa mmemtengenezea ukweli huo.

Halafu kuna ufunguo. Nani anaushika? Mwenyekiti wa chama. Mwenyekiti hufa, huhama, hugombea udiwani. Mlinzi anahitaji mshahara, na michango ya wakazi huisha nguvu mwezi wa tatu, tusidanganyane. Ndipo anapojitokeza mtu mwenye roho safi anayejitolea kulipa mlinzi, mradi aruhusiwe kupanda miche ya kuuza kwenye kona moja. Baada ya miche huja kuosha magari, baada ya kuosha magari huja nyama choma na hema, na hema hupata sakafu ya zege. Likija swali la kortini, mwenzenu huyu ana risiti za umeme kwa jina lake, picha za miaka sita, na barua yenu ya kumkaribisha. Ukuta mliojenga kwa jasho ndio umemfungia uwanja.

Najua mtakaponikatiza. Mtasema: Karura je? Msitu wa Karura una uzio wa umeme, na uko salama. Hoja hii naletewa kila mahali kama kadi ya mwisho ya karata, basi tuichambue vizuri.

Karura ina zaidi ya hekta elfu moja na ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi katika Gazeti Rasmi mwaka 1932. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kimyakimya kwa kampuni binafsi. Mwaka 1998 wananchi waliingia na kuwasha moto vifaa vya wajenzi. Januari 1999 Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti walipigwa na walinzi wa kukodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, na mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Uzio wa umeme ulikuja zaidi ya miaka kumi baadaye, wakati mgogoro wa umiliki ulikuwa umeshapoa na Huduma ya Misitu ilikuwa imeingia ubia na kikundi cha wananchi cha Friends of Karura Forest. Tena ni uzio wa nyaya, unaona hadi ndani. Una mageti ambayo watu huingia kwa wingi, wanalipa, wanatembea, wanaendesha baiskeli, na pesa hizo zimewalipa askari wa msitu. Msiponiletea tangazo la Gazeti Rasmi, miaka ya kupigania mipaka, chombo cha usimamizi chenye hesabu, na umati wa wageni wa kila wiki, msiniletee Karura.

Na wale wanaosema wangependa kupanda miti badala ya ukuta, kwa imani kwamba mnyakuzi huona haya kukata mti: Karura ilikuwa imejaa miti.

Mfano unaofaa mtaa wa kawaida ni Jeevanjee Gardens, bustani ndogo katikati ya jiji ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 ilitakiwa ijengwe maduka na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na akashinda. Alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na ushahidi wa zawadi, yaani nani alitoa, kwa ajili ya nani. Na alikuwa na watumiaji: makarani wanaokula mchana chini ya mti, wahubiri, wapiga picha, watu wasio na mahali pengine pa kukaa bila kununua soda. Baadaye Bunge la Mwananchi, baraza la wananchi wa kawaida, likafanya pale kuwa ukumbi wake wa kubishana siasa. Jaribu kuziuzia kampuni bustani ambayo mchana ina bunge ndani yake.

Ardhi ya umma haiibiwi uwanjani. Huibiwa ofisini, na uwanja hupata habari baadaye.

Inakwenda hivi. Mwenye shamba anapolikata viwanja vya kuuza, sharti la kibali ni kuacha sehemu kwa ajili ya barabara, shule na uwanja wa wazi, na kuikabidhi bure kwa mamlaka ya mji. Kwenye mchoro uliopitishwa sehemu hiyo imepakwa rangi ya kijani na kila mnunuzi ameiona. Bei ya viwanja imepanda kwa sababu yake. Kisha ofisi inalala: ardhi imekabidhiwa kwa mchoro lakini haikuandikishwa kwa jina la mtu, haina hati, wala hakuna faili linaloifuatilia. Miaka ishirini baadaye mtu wa ndani anaiona. Anaandaa mchoro mpya mdogo wa eneo hilo tu, anapata barua ya mgao, ramani ya upimaji inarekebishwa, hati inatoka. Wiki chache baadaye hati imeuzwa kwa kampuni ambayo itasimama mahakamani na kusema haikujua lolote, ilinunua kwa nia njema.

Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati za namna hii zilikuwa karibu 200,000, nyingi sana zikiwa zimetolewa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Hakuna ukuta hata mmoja unaomzuia karani kugonga muhuri.

Sasa nirudi Nyali. Kampuni ya Dina Management, mnunuzi wa mwisho, ilikuwa na hati na ilidai kwamba hati ni hati. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikakataa. Ilisema mnunuzi lazima aangalie mzizi wa hati, si karatasi ya juu tu. Kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria na ardhi ilikuwa imetengwa kwa matumizi ya umma, hati iliyozaliwa na ugawaji huo haiwezi kulindwa hata ikipita mikono mingapi. Kifungu cha 40(6) cha Katiba kinasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria, na hapa majaji walikipa meno. Kwa hiyo ile kauli ya "ashapata hati, imekwisha," ambayo nasikia hata kwa mawakili wasiosoma, tuiache.

Kauli nyingine ya kuachwa ni ile kwamba mvamizi akikaa miaka 12 ni pake. Kanuni hiyo haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya serikali. Akae hata hamsini.

Mnataka la kufanya. Haya, haraka.

Nendeni Idara ya Upimaji, Ruaraka, mkanunue nakala ya ramani ya upimaji ya mtaa wenu. Ombeni kaunti mchoro wa ugawaji uliopitishwa. Viwekeni pamoja mezani: tofauti ya umbo au namba mpya ya kiwanja ndiyo dalili ya ugonjwa. Fanyeni upekuzi wa hati, kwa Nairobi mkitumia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa. Mkinyimwa karatasi, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21, na wakikaa kimya pelekeni malalamishi kwa tume ya Ombudsman. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Kama uwanja hauna hati, dai lenu ni moja: uandikishwe kwa jina la kaunti kama amana kwa wakazi, nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Msiuandikishe kwa jina la chama chenu. Hapo mtakuwa mmebadilisha mnyakuzi tu. Kama una hati ya mtu, mwombeni msajili aweke kizuizi ili isiuzwe tena, pelekeni faili kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo imewahi kurudisha ardhi za umma, na nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kikwazo kilichomwangusha Maathai mwaka 1989 hakipo tena: Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Tunzeni picha zenye tarehe, ratiba za ligi, barua za shule na makanisa yaliyoomba kutumia uwanja.

Pesa za ukuta: lipeni mpimaji mwenye leseni atafute na kufufua vigingi vya mpaka. Zikibaki, wekeni nguzo fupi za zege pembeni, zinazozuia lori la kumwaga kifusi lakini haziwazuii mtoto na mpira wake. Kisha taa. Kisha magoli. Vijana wa Dandora wamefufua nyua za kuchezea zilizokuwa majalala kati ya nyumba, na Kibera vikundi vya wakazi vinaendesha viwanja vidogo kando ya Mto Ngong. Nendeni mkawaulize wanavyogawana zamu na hesabu, maana hilo ndilo gumu. Msikodishe kona kwa mtu, hata kwa wiki, hata akiwa shemeji wa mwenyekiti.

Na asiwepo wa kuniambia kwamba uwanja wa vumbi "umekaa bure" kwa sababu hauna maua. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilituonyesha maji huenda wapi ardhi yote inapofunikwa kwa zege: yaliingia vitandani mwa watu.

Mkiamka mkute mabati tayari yamesimama, pigeni picha vigingi na namba za magari, pigeni ripoti polisi mpate namba ya kitabu cha matukio, na wakili awe kortini siku hiyohiyo kuomba amri ya kusimamisha ujenzi, kabla msingi haujachimbwa. Msibomoe wenyewe, na msiwatangulize watoto wa shule.