Fahamu: Kwa nini swichi hutoa cheche inapozimwa

Katavi, mkoa uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, umejengewa njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Kuzima umeme mkubwa hivyo si jambo dogo: kontakti za swichi zinapoachana, mkondo huruka hewani na kuwa tao la moto lenye maelfu ya nyuzi joto, linalokula metali.

Kwenye sola ndiko uangalifu unakohitajika zaidi. Umeme wa gridi (AC) hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo tao hupata nafasi ya kuzimika. Wa sola na betri zake (DC) haupiti sifuri kamwe. Swichi ya AC pekee haifai huko. Na penye koili ya rilei ya DC, ambayo nayo huleta cheche inapozimwa, diodi moja iliyofungwa sambamba nayo, kinyume na mkondo, huilinda kontakti inayoizima.