Kutoka Gikomba hadi Limuru kwa baiskeli: Mlima usioonekana kwenye hesabu

MCHUUZI anayenunua nguo za kamera katika soko la Gikomba ili akaziuze Limuru ana njia mbili. Anaweza kulipa nauli ya matatu, yake na ya mzigo, au aufunge mzigo kwenye keria ya baiskeli na kutegemea miguu yake mwenyewe. Njia ya pili hupendeza mfukoni. Hata hivyo, anayeijaribu kwa mara ya kwanza hurejea akilaumu baiskeli kuwa mbovu au akijilaumu mwenyewe kuwa mnyonge.

Aghalabu lawama hizo hazina haki. Kinachomshinda ni umbo la nchi yenyewe.

Gikomba imekaa bondeni, ukingoni mwa Mto Nairobi, takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Limuru uko zaidi ya mita 2,200. Kati ya hapa na pale pana kilomita 35 hivi, ukipitia Ngara, Parklands, Gigiri, Ruaka, Banana, Karuri na Tigoni. Ukizigawanya tarakimu hizo, utaona kwamba barabara hupanda mita 16 tu katika kila kilomita. Huo ni mwinuko mdogo mno, na mwenye kuusoma kwenye karatasi ataona hakuna la kumtoa jasho.

Tatizo ni kwamba hakuna mahali barabara hiyo inapopanda mita 16 kwa kilomita. Ama inateremka, ama inapanda kwa ukali.

Sababu ni mito. Nyanda za juu za Kikuyu na Limuru zimechanjwa na vijito vingi vinavyoteremka kuelekea kusini-mashariki. Mto Nairobi wenyewe, ambao hupita kando ya vibanda vya Gikomba ukiwa mweusi kwa taka, huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Mathari, Gitathuru, Karura na Ruaka ni ndugu zake. Yote hatimaye humwaga maji katika Mto Athi, unaoingia Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kila mto umejichimbia bonde lake katika udongo mwekundu wa volkano, na kati ya bonde na bonde pamebaki mgongo mrefu wa ardhi.

Basi mwendeshaji baiskeli anayefuata mgongo mmoja hupanda polepole bila kupoteza alichokipata. Anayekata migongo hulazimika kuteremka mtoni, kisha kupanda tena. Kutoka Parklands hadi Ruaka, barabara ya Limuru hukata mabonde, ikiwa ni pamoja na yale ya msitu wa Karura, ule ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliupigania usinyakuliwe. Hapo mchuuzi hupanda, hushuka, na hupanda tena, na kila mteremko ni deni litakalolipwa upande wa pili wa daraja. Baada ya Ruaka barabara hushika mgongo. Mteremko hupungua lakini hata pumziko hupungua pia, na kutoka Muchatha kuendelea Banana na Karuri miguu haipati likizo ya maana.

Tuchukue mfano. Mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 25, yaani zaidi kidogo ya nusu ya robota la kawaida la kilo 45. Jumla ni kilo 110. Kuzinyanyua kilo hizo mita 550 angani kunahitaji nguvu ambayo mwili, kwa kuwa hutumia robo tu ya chakula kusukuma pedali na kupoteza kilichosalia kama joto, huipata kwa kuunguza kalori 570 hivi. Hizo ni sawa na gramu 160 za unga wa mahindi. Hapo hatujahesabu msuguano wa magurudumu, upepo, wala yale mabonde ya Karura yanayodai kulipwa mara mbili. Aliyetoka nyumbani kwa chai ya rangi na kipande cha mkate ataishiwa kabla ya Banana, na wala si uvivu.

Suala jingine ni gia. Baiskeli ile nyeusi ambayo Wakenya huiita Black Mamba ina gia moja tu. Mzunguko mmoja wa pedali huisogeza mbele zaidi ya mita 5. Kwenye tambarare za Kano au Mwea hilo ni jambo jema. Kwenye mlima wa Karuri ni adhabu, kwa sababu kila mzunguko unamtaka mwendeshaji aunyanyue mzigo wote kwa mkupuo mmoja. Baiskeli ya mtumba yenye gia nyingi inaweza kushushwa hadi mita 2 hivi kwa mzunguko. Kazi ya kufika juu haipungui hata chembe, ila hukatwa vipande vidogo ambavyo goti linaweza kuvistahimili. Mwenye gia moja asione haya kushuka na kusukuma. Kusukuma pia ni gia.

Halafu kuna hewa. Limuru, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya moja kwa tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Mkazi wa Eastlands amekwisha kuzoea sehemu kubwa ya upungufu huo; mgeni kutoka Pwani atahema akiwa bado Ruaka.

Baada ya Karuri mashamba ya chai hutanda pande zote. Ni katika eneo hili la Limuru ambapo chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1903, na mmea huo ulipenda hapa kwa sababu zile zile zinazomtesa mwendeshaji: kimo, baridi na mvua za rasharasha. Mwezi Julai ukungu unaweza kukaa hadi adhuhuri. Mtu aliyeloa jasho akisimama kuuza nguo katika baridi hiyo huanza kutetemeka upesi. Afunge fulana kavu juu kabisa ya mzigo, si chini yake.

Hatari kubwa, hata hivyo, haiko katika kupanda. Iko katika kurudi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua baiskeli ya mtumba iliyong'arishwa vizuri, kengele yake ikilia kama mpya. Kupanda nayo hakukuwa na lawama. Wakati wa kurudi, katika mteremko mmoja kabla ya Kikuyu, manyunyu yakiwa yameanza, nilibana breki na hakikutokea chochote. Raba zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama kwato. Kilichoniokoa ni ukingo wa majani ya ng'ombe kando ya barabara. Nilitoka na mikwaruzo na usukani uliopinda. Sijui kama aliyeniuzia alijua. Ninachojua ni kwamba sikuzikagua.

Maelezo yake ni mepesi. Rimu za chuma zikilowa, raba huteleza, na breki huhitaji mizunguko kadhaa ya gurudumu ili kuyafuta maji kabla ya kushika. Wakati huo baiskeli yenye mzigo, kwenye mteremko wa mita 5 kwa kila 100, inaweza kufikia kasi ya kilomita 40 kwa saa bila pedali kuguswa. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Kwa hiyo breki zibanwe mapema, kileleni, kabla kasi haijakua. Raba mpya kwa fundi wa baiskeli ni bei ndogo mno ikilinganishwa na mfupa wa paja.

Njia ya kurudi kupitia Rironi, Muguga na Kikuyu ina faida ya kuwa mteremko kwa sehemu kubwa. Hapo karibu na Kikuyu ndipo kijiji cha Mai-a-Ihii, nyumbani kwa David Kinjah, mwanzilishi wa kundi la waendeshaji baiskeli la Safari Simbaz. Kijana mmoja mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, alifunzwa na Kinjah katika milima hii hii. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006, kisha, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, akashinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Hakuwa na robota mgongoni, lakini mabonde ni yale yale.

Kutoka Kikuyu hadi Kangemi na Westlands adui ni magari. Barabara ya juu ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu baiskeli, hivyo mwendeshaji hubaki chini pamoja na matatu zinazokata kona kuwahi abiria. Jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia ghafla. Anayeondoka Gikomba saa kumi na mbili alfajiri atafika Limuru yapata saa tano, akipumzika mara mbili tatu. Akimaliza biashara na kuondoka kufikia saa tisa, atateremka Museum Hill kungali na mwanga, apite Ngara na Kariokor, kisha ashuke kwenye baiskeli na kuisukuma kwa miguu katika msongamano wa mikokoteni, hadi pale mtoni alipoanzia.