Filamu fupi ya wanafunzi: kazi inayoanzia mezani

Filamu fupi, kwa kanuni za tuzo za Oscar, ni ile isiyozidi dakika 40, majina ya mwishoni yakihesabiwa. Wanafunzi wanaofanya kazi kwa kundi hawahitaji hata nusu ya muda huo. Ukurasa mmoja wa muswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu hutoa takriban dakika moja kwenye kioo, na dakika hiyo inaweza kumeza nusu siku ya kushuti. Kurasa sita au nane ni mzigo tosha kwa watu wanane wenye kamera ya kuazima. Makundi mengi hukwama hapa hapa mwanzoni: huchagua hadithi ya miaka 20, yenye harusi, ajali na kesi mahakamani, kisha muda huwaishia harusi ikiwa bado haijafungwa.

Mfano mzuri wa uchaguzi wa hadithi ni Watu Wote, filamu ya dakika 22 iliyopigwa Kenya kama kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, ikiongozwa na Katja Benrath. Wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Ilitokana na tukio la Desemba 2015, wanamgambo wa al-Shabaab walipolishambulia basi lililokuwa likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Tukio hilo lina siasa na historia ndefu nyuma yake, lakini filamu haikujaribu kueleza yote. Ilimfuata mwanamke mmoja Mkristo, mwenye uchungu wa msiba uliompata, katika safari moja. Mwaka 2017 ilipata medali ya dhahabu katika tuzo za Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa filamu fupi tano zilizowania Oscar yenyewe. Mhusika mmoja, safari moja, uamuzi mmoja mgumu: kipimo hicho kinalifaa kundi lolote, hata lisilo na mtaji.

Hadithi ikishapatikana, kazi zinagawanywa, na hapo urafiki unaweza kuleta matatizo. Dairekta huamua uigizaji na kile ambacho mtazamaji ataona. Prodyuza hushika fedha, vibali, usafiri na chakula. Kameramani, mtu wa sauti, mwenye mavazi na vifaa, anayefuatilia mwendelezo, na atakayehariri, kila mmoja hupewa eneo lake na kuachiwa. Mabishano yana mahali pake, nayo ni kwenye vikao vya maandalizi, ambako kila mmoja ana haki ya kuupinga muswada mpaka usiku. Siku ya kushuti mwigizaji anahitaji kusikia sauti moja tu. Akielekezwa na watu watatu, atacheza vitu vitatu katika shoti moja.

Kinachofuata ni kuuchambua muswada sini kwa sini. Sini ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Tuchukue sini ya nusu ukurasa: kijana anamwomba mwenye duka amkopeshe kilo mbili za unga jioni, na mwenye duka anafungua daftari la madeni bila kusema neno. Kwenye karatasi ni waigizaji wawili tu. Uchambuzi unaonyesha zaidi ya hapo. Daftari lazima liwe limeandikwa kurasa kadhaa, kwa mwandiko wa mtu mmoja. Unga unapimwa kwa mizani, hivyo mizani iwepo na unga uwepo wa kutosha kurudia mara nane. Taa ya dukani ni ya namna gani? Wateja halisi watasubiri wapi? Na jokofu la soda linanguruma nyuma ya kaunta.

Jokofu hilo ndilo sababu lokesheni hukaguliwa mapema, saa ileile ambayo sini itapigwa. Jicho linaona duka zuri, lakini sikio linapata jokofu, bodaboda zinazoegesha nje na, kama ni saa ya magharibi, adhana ya msikiti wa jirani. Adhana haizuiliki wala haipaswi kuzuiwa, kwa hiyo ratiba ndiyo inayoizunguka. Jokofu linaweza kuzimwa kwa ruhusa ya mwenyewe, na mafundi wa sauti wana desturi nzuri: funguo za gari huwekwa ndani ya jokofu lililozimwa, ili kundi lisiweze kuondoka kabla ya kuliwasha tena.

Vibali havikwepeki. Tanzania ina Bodi ya Filamu, inayofanya kazi chini ya sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza, na Kenya ina sheria yake, Sura ya 222, inayotaka leseni kwa upigaji wa filamu. Juu ya hayo huhitajika barua ya chuo, ruhusa ya serikali ya mtaa, na maandishi ya mwenye duka. Kila mwigizaji naye husaini karatasi ya ridhaa, na kwa mtoto husaini mzazi.

Ratiba haifuati mtiririko wa hadithi. Sini zote za dukani hupigwa pamoja, hata kama moja ni ya mwanzo na nyingine ya mwisho. Ndiyo maana kuna mtu wa mwendelezo: hupiga picha kwa simu kila shoti inapokwisha, akiandika kofia ilikuwa mkono gani na glasi imebaki chai kiasi gani. Kundi changa likipata shoti 15 kwa siku limefanya kazi ya kutosha. Jua nalo lina ratiba yake. Karibu na ikweta adhuhuri huwa limesimama utosini na kuyajaza macho ya mwigizaji kivuli, na jioni hushuka wima, hivyo mwanga laini wa dhahabu hukaa muda mfupi kuliko nchi za kaskazini. Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima. Sini ya jioni, basi, hufanyiwa mazoezi mchana, pahali palepale, na mwanga ukifika kazi iwe ni kupiga tu.

Kwenye kushuti kwenyewe, jambo la kwanza ni mstari wa kufikirika unaowaunganisha wahusika wawili wanaozungumza. Kamera ikibaki upande mmoja wa mstari huo, kijana ataonekana akitazama kulia na mwenye duka kushoto, shoti zote. Ikivuka bila sababu, wote wawili wataonekana wakitazama upande mmoja, na mtazamaji atapotea. Jambo la pili ni umeme. Umeme wa Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde, wakati simu nyingi zimewekwa kupiga picha 30 kwa sekunde. Chini ya taa za tyubu picha huweza kumetameta kwa mistari, na hilo ni gumu sana kuliondoa baadaye. Kupiga picha 25 kwa sekunde, shata ikiwa 1/50, humaliza tatizo. Mwangaza na fokasi vifungwe pia, visijirekebishe vyenyewe katikati ya shoti.

Sauti ndiyo inayostahili mtu makini kuliko wote, na ndiyo ambayo makundi humwachia aliyechelewa kikao. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika humtoa nje ya hadithi. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, iliyounganishwa na simu ya pili mfukoni, hushinda ile ya kamera iliyo mita tatu mbali. Klapa, au makofi tu mbele ya kamera, humsaidia mhariri kuoanisha picha na sauti. Kabla ya kuhama lokesheni wote hunyamaza na ukimya wa mahali pale hurekodiwa kwa nusu dakika, maana hata ukimya wa duka una sauti yake, na mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Bajeti ndogo itumike kwanza kwenye chakula na nauli. Mwigizaji asiyelipwa akikosa chai ya saa nne na chakula cha mchana, sini ya alasiri itaonyesha njaa yake.

Jioni, memori kadi haifutwi mpaka faili zinakiliwe sehemu mbili tofauti na mtu azifungue kuhakiki. Uhariri huanza kwa kupanga shoti nzuri kwa mfuatano wa hadithi, na toleo hilo la kwanza karibu kila mara huwa refu mno. Kukata shoti iliyotoa jasho kunauma, hivyo ni vema mhariri awe mtu ambaye hakuiongoza. Muziki ni wa kutunga wenyewe au wa kibali: wimbo wa msanii maarufu uliochukuliwa mtandaoni una wenye haki zake, na Tanzania masuala hayo yako chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kazi iliyokamilika ina pa kwenda. Kenya, tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lina kundi la filamu, na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, huonyesha filamu fupi pia. Matamasha ya kimataifa kwa kawaida hutaka tafsiri ya maneno chini ya picha, na huuliza kama haki za muziki, lokesheni na waigizaji zimepatikana. Kundi lililotunza karatasi zake tangu siku ya vibali hujibu maswali hayo kwa kufungua faili moja.