Ngara na Biharamulo: Wito wa Tume si wa kuweka kabatini

WENYE maduka, malori na mashine za kukoboa wilayani Ngara na Biharamulo wengi huajiri kwa mdomo, na hesabu huja siku ya kuachana. Dereva wa njia ya Rusumo akifukuzwa, ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwajiri hupata nakala ya fomu, kisha wito.

Kutofika ni ghali. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Tume inaweza kuamua shauri upande mmoja, na tuzo yake hukazwa kama hukumu ya mahakama. Lori nalo hukamatika.

Wakili si lazima. Sheria inaruhusu ofisa wa chama cha waajiri, au mwakilishi binafsi. Kwa mshahara wa mwezi uliobaki huyo anatosha. Kwa dai la kuachishwa isivyo haki, heri wakili, maana ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha sababu na utaratibu.

Hata hivyo, wakili hatengenezi karatasi. Pasipo mkataba wa maandishi, mwajiri ndiye hubeba mzigo wa kukanusha masharti anayodai mfanyakazi. Daftari la mishahara lenye saini na barua za onyo zitafutwe kwanza.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10: miaka minne, siku 28. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

Ikaguliwe pia tarehe ya kuachishwa kwenye fomu. Siku 30 zikiwa zimepita, pingamizi litolewe mapema, ingawa Tume huweza kuongeza muda kwa sababu nzuri.